Page ya habari ya hapa Awendo ilitangaza mtoto wangu amekufa

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Mtoto mwenyewe yuko hapa kando anachorachora daftari langu.

Kilichonimaliza ni meseji ya admin wa page moja ya habari huku kwetu. "Madam, naomba nije tufanye live na mtoto. Title nishapata: Mtoto Afufuka."

Hapo uvumilivu uliisha.

Nirudi nyuma kidogo. Akinyi wangu ana miaka sita. Watoto wa huku, trekta ya miwa ikipunguza mwendo kwa bumps, lazima wachomoe muwa. Nimemkanya, nimemchapa, wapi. Jumanne akachomoa, akateleza, akagonga kichwa kwa lami, akazimia.

Nilipofika nilikuta jamaa anamrekodi. Hakuna aliyekuwa amemwinua. Nikambeba, boda, hospitali. Akashonwa, tukalazwa siku moja. Simu yangu haikuwa na chaji.

Kumbe jamaa ndiye admin wa hiyo page, na ameshapost, uso wa mtoto unaonekana: "Mtoto afariki Awendo." Comments zimejaa RIP, wengine wananiita mama mzembe.

Mama mkwe wangu yuko kisiwani Mfangano. Alionyeshwa hiyo post na jirani, akavuka ziwa na boti ya kwanza. Sisi Wajaluo, ukienda msibani unaanza kulia kabla hujaingia bomani. Tulikuwa tumetoka tu hospitali, Akinyi anakunywa uji mlangoni, akasikia dani, yaani nyanya yake, analia jina lake kutoka barabarani.

Akaniuliza, "Mama, nimekufa?"

Wakuu. Nilimshika tu.

Dani alipomwona alikaa chini vumbini, akamvuta, akaanza kumgusa masikio, vidole, magoti, moja moja. Kwa mkoba alikuwa na gauni jeupe, la kumzikia. Akinyi akalifurahia, akataka kulivaa. Dani akalikunja, akalirudisha. Akamwambia halimtoshi.

Nikampigia admin. Akasema aliandika alichoambiwa na watu, na post imefika mbali, hawezi kuitoa.

Sichukii hizi page, jamani. Hiyo hiyo ndiyo ilionyesha daraja letu likiwa limebomoka mpaka likatengenezwa. Waandishi wa magazeti huku hatuwaoni. Na mimi pia nimewahi kushare kifo cha mtu bila kuuliza chochote, sijitoi. Lakini kabla uandike mtoto amekufa, si uulize mama yake? Nilikuwa hapo hapo nimembeba.

Ijumaa Akinyi akarudi shule. Wenzake wakamkimbia. Wakamwita jachien, yaani mzimu. Alirudi nyumbani saa nne na chakula chake hakijaguswa.

Jioni hiyo ndiyo ile meseji ya kufufuka ikaingia.

Asubuhi nikaenda kwa chifu. Akaniuliza, "Sasa mama, tuandike kosa gani?" Nikamwambia anipe karatasi, nitaandika mwenyewe. Alisoma mara mbili, akagonga muhuri. Nimeiweka hapa chini. Kama kuna nilichosahau niambieni, na kama yamewahi kukupata, ulifanyaje?

*KWA CHIFU*
*YAH: MALALAMISHI*

*Mimi ni mama ya Akinyi, mwanafunzi wa Grade One. Mtu wa page alitangaza kwamba amekufa. Hajafa.*

*Naomba aitoe picha. Naomba aandike kwa page hiyo hiyo kwamba alikosea.*

*Tena naomba aje shuleni Jumatatu wakati wa paredi, bila kamera, amshike mtoto mkono mbele ya wenzake, wamwone ana joto.*