Sauti ya Misiba Iliyoingia Kampeni

Tarehe 29 Oktoba 2023, siku Waomani walipowachagua wajumbe wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi, kwa simu zao za mkononi, Mastura binti Khalfan hakupiga kura. Alikuwa amejiandikisha katika wilaya ya Bousher, simu alikuwa nayo mapajani tangu asubuhi, na mpwa wake Yaqoob alikwisha kumpigia mara kadhaa kumuuliza kama anahitaji msaada wa kuifungua ile programu. Alimjibu kwamba anajua kuifungua.

Mastura ana miaka sitini na moja na anaishi Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Alizaliwa Unguja akaletwa Maskati akiwa msichana mdogo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alipokea simu katika hospitali moja ya mjini, na huko ndiko alikojifunza kutamka majina ya watu kikamilifu na polepole. Alipostaafu, kazi nyingine ilimfuata bila ya yeye kuiomba: akawa ndiye anayetangaza misiba.

Tangazo la msiba hapa huja kwenye simu kama picha yenye maandishi ya Kiarabu: jina la marehemu, msikiti wa sala, makaburi, na mahali pa kutoa pole. Wanawake wa rika lake waliotoka Unguja na Pemba wanakisema Kiarabu, lakini wengi hawakisomi kwa wepesi. Mastura huisoma picha ile, kisha huwarekodia kwa Kiswahili katika kundi lao la simu. Ana utaratibu wake na haubadilishi. Kwanza salamu. Halafu jina la mtu, baba na babu. Halafu mama yake ni nani na mtaa wao Unguja ulikuwa upi. Neno la kifo huliweka mwisho kabisa, kwa sababu anaona si adabu kumuua mtu kabla ya kumtaja. Matokeo yake ni kwamba wasikilizaji wake hawangoji mwisho. Wakisikia sauti ya Mastura inataja jina la ukoo mzima, husimama na kutafuta abaya.

Mwanzoni mwa Oktoba Yaqoob, mtoto wa dada yake, alimwendea na ombi. Oman haina vyama vya siasa. Mgombea husimama kwa jina lake, na nyuma yake husimama ukoo, majirani na wakwe. Shemeji wa Yaqoob, mfanyabiashara, alikuwa anagombea, na mpinzani aliyemsumbua ni Musallam, fundi wa mitambo aliyepoteza kazi wakati makampuni yalipopunguza watu. Musallam alikuwa akizunguka kwenye mabaraza na neno moja: mafao wanayolipwa Waomani walioachishwa kazi yaongezewe muda. Alisema yeye mwenyewe aliyapokea, na alipopata kazi nyingine alikwenda kutoa taarifa yakasimamishwa. Watu walimpenda kwa maneno hayo. Nyumba isiyo na kijana aliyewahi kukosa kazi ni adimu.

Upande wa Yaqoob ulitafuta pa kumshika ukapapata. Katika miezi ya mafao, Musallam alionekana jioni katika duka la manukato huko Khuwair. Duka ni la dada yake, Masouda. Yaqoob alijua ni la Masouda. Mastura pia alijua, maana hununua udi pale.

"Mimi sikwambii useme uwongo, khala," Yaqoob alimwambia. "Yule alionekana dukani kila siku, na mafao anakula."

"Kuonekana dukani si kuwa na duka."

"Basi usiseme ana duka. Sema alionekana. Watu watamaliza wenyewe."

Mastura anakumbuka kwamba alicheka. Yaqoob ni mpwa anayempeleka hospitali, anayemletea samaki kutoka Sidab, kwa wavuvi, kila mwisho wa wiki, na ambaye hajamwomba kitu tangu alipooa. Alimwambia atarekodi.

Alirekodi Alkhamisi mchana, amekaa jikoni. Hakuwa na namna nyingine ya kuanza ila ile anayoijua. Aliwasalimia jamaa zake. Akasema anawaletea khabari ya Musallam bin Said bin Hamad, mtoto wa Bi Mahfoudha binti Ali, watu wa Vuga. Kisha, kwa sauti ile ile ya pole, akauliza kama mtu anayechukua mafao ya wasio na kazi na huku anaonekana nyuma ya meza ya duka anafaa kukabidhiwa kura za watu. Ujumbe wote haukuwa mrefu. Aliutuma, akafunika wali, akalala.

Kabla ya Laasiri gari la kwanza lilisimama mbele ya nyumba ya Mahfoudha, mitaa michache kutoka hapo. Mlango ulifunguliwa na Pelagia, mwanamke wa Bukoba anayefanya kazi kwa Mahfoudha. Alikuta wanawake watatu wamevaa nyeusi wanalia, na wa nne anateremka garini akishikwa mkono. Pelagia alidhani wamekosea nyumba.

"Poleni, mama zangu. Nani amekufa?"

"Musallam," mmoja alijibu kwa kwikwi. "Mtoto wa watu."

"Musallam yupo ndani anakula."

Alitoka mwenyewe kuangalia kelele, mkono wa kulia una punje za wali. Waliomfikia walimshika. Mmoja alimfinya shavu mpaka likawa jekundu, akamwambia amemmalizia machozi aliyokuwa amemwekea mumewe. Mahfoudha aliwakaribisha wote sebuleni, akacheka nao, akamwagiza Pelagia kahawa na halwa. Wengine walifika, wakaelezwa, wakacheka. Hapo ndipo mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alipopendekeza ujumbe usikilizwe ili bibi mwenyewe asikie namna Mastura alivyomzika mwanawe. Aliweka simu mezani akaifungua sauti yote.

Waliokuwapo wanasema walicheka mpaka pale palipotajwa Vuga. Baada ya hapo likaja neno la mafao. Aliyeweka simu alijaribu kuizima, akabonyeza pasipo, na sauti ya Mastura ikaanza tena kutoka salamu. Musallam alirudi ndani. Wanawake walitoka mmoja mmoja, kahawa zao hazijaisha.

Mastura aliamka akakuta simu imejaa. Alifuta ujumbe kwenye kundi, jambo ambalo halikusaidia: mahali ulipokuwa palibaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na kila aliyekuwa hajausikia akautafuta kwa wenziwe. Jioni yake alikwenda kwa Mahfoudha kwa miguu, na njiani, anasema, alipita upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya duka la manukato.

Mahfoudha hakumfokea. Alimkalisha, akamwacha aombe radhi mpaka amalize. Mastura alisema Yaqoob ndiye aliyetaka. Alisema hakutamka kwamba duka ni la Musallam. Alisema hakudhani watu wangekuja. Mwenzake alisikiliza akichambua mchele kwenye sinia.

"Ayman wako," Mahfoudha alisema mwishowe, "alipokuwa akipokea mafao na huku anawapeleka watu uwanja wa ndege kwa gari lake, mimi nlipata kulitia jambo hilo mdomoni?"

Ayman ni mtoto wa Mastura. Aliachishwa kazi mwaka ule ule wa Musallam, na kwa miezi yote ya mafao alibeba abiria bila kumwambia mtu wa ofisini. Mama yake alikuwa anajua. Alikuwa akimtilia chai kwenye chupa aondoke nayo. Alichomsema nacho mtoto wa Mahfoudha ndicho alichokuwa amekifanya wa kwake, nyumbani mwake, mbele ya macho yake, na Mahfoudha alikuwa analijua siku zote.

"Radhi yako hapa sebuleni nimeipokea," Mahfoudha aliendelea. "Lakini mwanangu hukumsema sebuleni. Siku ya kura bado haijafika. Kaseme pale pale uliposema, kwa sauti ile ile."

Mastura alimwahidi. Akarudi nyumbani, akashika simu, akaiweka chini. Siku zilizofuata aliishika na kuiweka mara nyingi. Kusema kwamba duka ni la Masouda ilikuwa ni kumwita Yaqoob mwongo mbele ya kundi zima, wiki chache kabla ya kura, na shemeji yake ndiye mgombea. Dada yake, mama wa Yaqoob, alimpigia akamkumbusha, bila ya kumuuliza lolote, kwamba damu ni damu. Yaqoob aliendelea kumletea samaki. Mastura aliwapokea, akawatia kwenye friza.

Katikati ya mwezi alifariki Bi Ghanima, mwanamke mkongwe wa Sidab ambaye watu wengi wa kundi walikula kwake walipokuwa wageni nchini. Picha ya Kiarabu ilifika mapema asubuhi. Mastura aliisoma akarekodi kwa utaratibu wake: salamu, jina, baba, babu, mama, mtaa, na mwisho kifo. Kisha akangoja.

Kwa kawaida majibu huja kabla hajaiweka simu chini. Safari hii palikuwa kimya. Halafu simu zikaanza, moja moja, za watu waliotaka kuhakikisha. Mmoja aliuliza kama kuna tangazo la Kiarabu alione kwa macho yake. Mwingine, mtu wa mzaha tangu ujana wao, alimuuliza bila kucheka: "Huyu kafa kweli, au naye anagombea?"

Mastura alimwambia kafa kweli. Alirudia maneno hayo kwa kila aliyepiga, na kila aliporudia aliona yanazidi kutosadikika. Jeneza la Bi Ghanima lilitoka nyumbani wanawake wengi wa kundi wakiwa bado njiani, wengine wakiwa bado kwao wanaulizana. Mabinti wa marehemu walikuwa wamewatandikia nyumba nzima. Mikeka ya chumba cha nyuma haikukaliwa na mtu.

Aliyekuwa amefika wa kwanza, kabla ya jua kupanda, ni Mahfoudha. Mastura alimkuta amekaa karibu na mlango na msahafu. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama yeye hakuwa na shaka.

"Wewe uwongo huuwezi, shoga," Mahfoudha alimjibu. "Ndiyo maana walikusadiki ulipomsema mwanangu."

Mastura alikaa kwenye kile chumba cha nyuma, kwenye mkeka mtupu, mpaka msiba ukaisha siku ile.

Hata hapo hakusema mara moja. Hili ndilo analolitaja kwanza mtu akimuuliza habari za mwezi ule, kabla ya kumtaja Yaqoob na kabla ya ule ujumbe wenyewe: kwamba baada ya Sidab alikuwa na siku za kutosha, na alizipoteza. Alizungumza siku ya kura yenyewe, baada ya sala ya Laasiri. Upigaji kura ulikuwa umefunguliwa tangu asubuhi, na watu wake wa kundi ni watu wa kuamka na alfajiri. Wengi walikuwa wamekwisha piga.

Alianza kwa salamu. Akasema ana khabari ya Mastura binti Khalfan bin Nasser, mtoto wa Bi Zuwena, watu wa Kikwajuni. Wengine waliosikia jina hilo wanasema walikwisha anza kusimama. Akasema kwamba duka la manukato ni la Masouda, na kwamba yeye alilijua hilo tangu kabla ya kurekodi. Akasema Musallam alipokea mafao kwa haki na aliyasimamisha kwa haki. Akasema kwamba aliyemtuma hakumlazimisha. Habari za Ayman hazikuwamo. Aliurekodi ujumbe mara mbili, na mara ya kwanza zilikuwamo, akaufuta. Alipokwisha kutuma aliifungua ile programu ya kura, akalitazama jina la Musallam na la shemeji wa Yaqoob, akaifunga. Anasema kura ni sauti pia, na ya kwake siku ile hakutaka kumpa mtu.

Shemeji wa Yaqoob alishinda. Musallam alikosa, na hakuna anayeweza kusema ni kwa ajili ya nini. Mabaraza ni mengi na Mastura ni mtu mmoja. Yeye halichukulii hilo kuwa faraja. Anasema angeambiwa kwamba ujumbe wake ndio uliomwangusha, au kwamba haukumfanya kitu, angejua la kufanya na aibu yake. Hivi sasa haijui ukubwa wake.

Yaqoob hajamletea samaki tangu siku ile. Dada yake Mastura anapokea simu lakini husema yumo jikoni. Musallam alikutana na Mastura mbele ya kinyozi, akamsalimia kwa "Shikamoo, Bi Mastura", akambebea mfuko wa mkate hadi juu, akashuka. Hakulitaja. Mastura anasema angependelea angelitaja.

Misiba miwili imetokea baadaye, na yote miwili ilitangazwa kwa picha tu. Wakongwe wasiosoma Kiarabu walikuja kujua baada ya mazishi. Mahfoudha aliona hayo hayawezi kuendelea, akamwambia binti yake ajifunze kazi ile ya kutangaza. Masouda anasoma Kiarabu na ana sauti nzuri, lakini hajui nani ni mtoto wa nani, nani alitoka Vuga na nani Malindi, na bila ya hayo wazee hawatamjua anayetajwa. Anayeyajua yote ni Mastura.

Jumatatu, baada ya Laasiri, Masouda atafunga duka mapema na kupanda kwa Mastura ghorofa ya pili. Wataanza na watu wa Sidab.