Mkono Mbele ya Nozeli

Makampuni binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba, karakana ya ushirika mjini Bariadi ilikosa kwanza magari ya kutengeneza, kisha ikakosa mafundi. Ngassa alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa mwanzoni kabisa. Alirudi kwao Kasoli na sanduku la spana, akalima pamba na mahindi kama majirani zake, na gari lililoharibika njiani likawa linasukumwa mpaka uani kwake. Alikuwa na masharti, na masharti yake yaliwaudhi watu. Hafanyi kazi na mlevi. Harudishi kitu kichafu ndani ya injini. Na gari likiwa limefunguliwa, amri inatolewa na mtu mmoja tu, yule aliyeshika spana.

Asubuhi moja ya msimu wa pamba, Sylvester, kaka yake Flora mke wa Ngassa, aliingia uani na pikapu inayogonga na kutoa moshi mweupe. Alikuwa wakala wa kampuni mojawapo ya hizo mpya. Aliteremka akiwa tayari anazungumza.

"Nozeli inavuja, shemeji. Ikaze tu, niondoke."

"Mwangaluka, shemeji," Ngassa akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, haya, mwangaluka. Wenzangu wa kampuni nyingine wamelala Mwandoya. Nikichelewa watanunua mpaka majani ya pamba."

"Wakinunua majani, wewe utakuta pamba. Kaa."

Flora alicheka huku akileta jiko la mkaa, maana alijua litahitajika. Ngassa alifungua boneti. Dizeli ilikuwa inachirizika kando ya nozeli ya tatu, kile kichuma kinachopulizia mafuta ndani ya injini, karibu kabisa na bomba la moshi lililokuwa bado la moto. Aliingoja injini ipoe, akafuta uchafu wote, ndipo akaichomoa nozeli. Akachungulia tundu lake, akapitisha waya uliopindwa ncha, na kilichotoka kikamfanya atikise kichwa. Fundi aliyetangulia alikuwa ameweka washa mpya ya shaba, kile kipete cha kuziba, juu ya ile ya zamani badala ya kuing'oa kwanza. Nozeli ilikuwa haikai sawasawa. Hata ingekazwa na watu wawili, ingevuja.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Kijana mmoja barabarani. Yeye hakuwa na maneno mengi kama wewe."

Ngassa aliosha nozeli, akachagua ile washa nzima, akaiweka juu ya makaa iive mpaka iwe nyekundu. Washa iliyokazwa sana huwa ngumu. Ikipashwa moto na kupozwa majini inalainika, inaziba tena. Ilipokuwa bado kwenye moto, alifunga nozeli kwenye bomba lake nje ya injini, ikitazama pembeni, na kulegeza mabomba mengine ili injini isiwake. Alitaka aone inavyotema. Nozeli nzima hutoa ukungu. Mbovu hutoa matone. Kilichobaki ni kipande cha boksi cha kukinga mbele yake.

"Flora, ingia garini ushike ufunguo. Usipige stata mpaka niseme."

Akageuka kwenda ukutani kuchukua boksi. Hatua chache tu. Sylvester alikuwa amechoka kusubiri. Alinyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto mpaka kwenye ncha ya nozeli, kama mtu anayepima joto la chai, akapaza sauti.

"Piga, Flora!"

Boneti ilikuwa imemkinga, Flora haoni mbele. Alilijua sharti la mumewe. Lakini sauti ile ndiyo iliyomlea tangu baba yao alipofariki, na mkono wake ulitii kabla kichwa hakijaamua. Stata ililia.

"Aka!" Sylvester akautikisa mkono, kisha akacheka. "Gashi, kumbe kadude kenyewe kanauma kama siafu."

Ngassa aliliacha boksi likaanguka. Alimshika mkono, akaufuta. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na kitone chekundu, si zaidi ya alama ya sindano.

"Kinauma?"

"Hata kidogo. Kimekufa ganzi tu."

Ngassa angefurahi zaidi kama shemeji yake angepiga kelele. Kule karakana alifanya kazi na Januarius, mtu mchangamfu, ambaye naye alicheka namna hiyohiyo nozeli ilipomchoma kidole. Alikwenda nyumbani akapaka mafuta. Aliporudi mkono ulikuwa umefungwa kwa kanga, umevimba mpaka kwenye kiwiko, na hospitali hawakuwa na la kufanya ila kuukata. Ndiyo maana boksi lilitundikwa ukutani kwa Ngassa, na sharti la amri moja likawekwa.

"Tunakwenda hospitali Bariadi."

"Kwa mwiba?"

"Dizeli imesukumwa na pampu mpaka ndani ya nyama, na inaendelea kutembea."

"Shemeji, sema ukweli. Unataka niikose pamba ya Mwandoya, ushirika wako ucheke."

"Ushirika mmeshauzika. Mimi nasema juu ya mkono wako."

Magari yote ya Kasoli yalikuwa yamekwenda kufuata pamba. Lililobaki ni hilohilo lililolala wazi. Ngassa aliitazama washa kwenye makaa. Ilikuwa bado nyeusi. Angeweza kuifunga hivyohivyo na kuomba Mungu, na vidole vyake vilitaka kufanya hivyo. Lakini nozeli ikivuja njiani, mbele ya bomba la moshi, wataishia porini. Akapepea jiko. Akasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kuzito kuliko kazi yote aliyowahi kufanya. Washa ilipokuwa nyekundu aliitumbukiza majini, akaisugua, akaiweka tunduni, nozeli juu yake, akakaza pande zote mbili kidogo kidogo, kwa zamu. Akatoa hewa kwenye mabomba, akayafunga.

"Piga, Flora."

Injini iliguna, ikashika, ikatulia. Akazungusha kitambaa cheupe kwenye nozeli ya tatu. Kikatoka kikavu.

Sylvester alikuwa ameshafungua mlango wa dereva. "Ahsante, shemeji. Flora, teremka. Gari ni langu, na mimi nakwenda Mwandoya."

Flora hakuteremka. Alikuwa anakitazama kidole. Kilikuwa kimepauka kama mshumaa, na ngozi imeanza kujaa.

"Kaka, hebu kikunje."

Sylvester akajaribu. Vingine vilikunjika. Kile kikabaki kimenyooka.

Flora akazima injini, akachomoa ufunguo, akampa mumewe. "Nimeshakutii mara moja leo," akamwambia kaka yake. "Sogea katikati."

Njiani Ngassa alisikiliza injini na pumzi ya shemeji yake kwa pamoja. Injini haikubadilika. Pumzi ilibadilika, kwa kuwa maumivu yalikuwa yamefika kwenye kiganja. Sylvester aliuinua mkono kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, jasho likimtiririka, wala hakutaja pamba tena.

Daktari aliuliza swali moja: "Ni dizeli iliyosukumwa na pampu?" Aliposikia ndiyo, aliita wasaidizi papo hapo. Ngassa na Flora walisubiri kwenye benchi. Muuguzi alipotoka na sinia la pamba iliyotumika, ukumbi ulinuka dizeli kama karakana. Flora akafunika uso.

Kipande cha juu cha kidole kilikatwa. Kiganja kilipasuliwa, kikasafishwa, kikapona. Watu walisema ni haraka ya soko huria. Lakini hakuna soko lililomshika mtu kidole likakiweka mbele ya nozeli. Ruhusa ya kununua pamba si ruhusa ya kudharau kila sharti lililowekwa kwa maumivu ya mtu mwingine.

Msimu ulipokwisha, pikapu ilirudi Kasoli, nozeli ya kwanza ikivuja. Sylvester alisalimia, akaulizia watoto, akaingia mwenyewe ndani ya gari na kushika ufunguo kwa mkono wa kulia. Boneti ilikuwa juu, haoni mbele. Akangoja. Ngassa alilikinga boksi mbele ya nozeli, akatazama mikono yake mwenyewe iko wapi, akamtazama Flora aliyesimama mbali, kando ya jiko, akatazama tena.

"Shemeji, nipige?" Sylvester akauliza kwa upole.

"Bado."

Akaendelea kungoja.

"Sasa. Piga."