Tabaka Moja au Mawili

Kushona nilijifundisha mwenyewe, chumbani kwangu mtaani Izia, kwa kipande cha godoro na uzi wa viatu. Nilifumua na kurudia mpaka vidole vikaniuma. Nakiri, sikuwa natafuta ustadi. Niliogopa kuchekwa.

Hospitalini, nikiwa daktari mwanafunzi, walionielekeza upasuaji wa uzazi walikuwa wawili, na hawakukubaliana. Mzee, aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alitaka mfuko wa uzazi ushonwe matabaka mawili. Mama daktari aliona moja likishonwa vizuri linatosha. La pili, alisema, mara nyingine ni la kumtuliza mshonaji. Mzee akamjibu kwamba hayo ni maneno ya watu wenye haraka. Mama akacheka tu. Mimi niliandika yote daftarini, kila upande na ukurasa wake.

Siku moja wote wawili walikuwapo chumba cha upasuaji. Mtoto alishatoka, analia. Mzazi, binti mkulima mwenye uzazi wa kwanza, alikuwa macho, ganzi imemshika kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikapewa sindano. Kwa kutaka kuwaridhisha wote wawili, nilishona tabaka moja nikikaza uzi kwa nguvu za mawili. Nyama ikachanika uzi ulipopita, damu ikajaa.

Mama daktari akabana kwa kitambaa, mzee akachukua sindano. Hawakubishana hata neno. Alishona polepole, akivuta kiasi cha kingo kugusana tu, mpaka damu ikakoma.

Mzazi akauliza kutoka nyuma ya pazia kama kuna shida.

"Ilikuwapo," mzee akasema. "Imekwisha, mama."

Kesho yake nilikwenda wodini kumweleza kwamba mkono uliokaza ulikuwa wangu. Aliendelea kunyonyesha. Kisha akaniuliza kama kwetu hatulimi mahindi. Nikamwambia tunalima.

"Na gunia hujawahi kushona?"

"Nimeshona mengi."

"Basi ulijua. Ukilikaza sana, mdomo unachanika."

Nilijua. Kila mavuno mama yangu alikuwa akinigomba kwa hilo hilo, na sikulikumbuka.

"Mwingine nitapata?" akauliza, safari hii bila kunitazama.

Nilimwambia tunatumaini hivyo, ila apumzike kwanza, na akishika mimba aje mapema, asithubutu kujifungulia nyumbani.

"Nitakuja," akasema, akimfunika mtoto kichwa. "Lakini sindano ashike yule mzee."