Taa za Kina Atupele na Ukuta wa Mama

Enzi zetu, kule Sumbawanga, Krismasi ilianzia ukutani. Mvua zikishashika na baridi ya Ufipa ikapenya hadi ndani ya sweta, mama zetu walitutuma bondeni kuchota udongo mweupe. Tuliubeba kichwani kwenye madebe, maji yake yakitutiririkia shingoni. Nyumbani mama aliuloweka, akautoa vijiwe na mizizi, akaukoroga hadi ukawa laini kama uji wa mtoto mchanga. Kisha alijifunga kanga kiunoni, akachukua kitambaa, akaisiriba nyumba yote kwa mkono wake. Chini alizungusha mkanda mweusi wa udongo uliochanganywa na unga wa betri kuukuu za redio, na dirisha akalizungushia wekundu. Akimaliza, nyumba yetu ya matofali ya udongo na nyasi juu ilionekana kama imevaa nguo ya kanisani.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuegemea ukuta hadi sikukuu ipite. Upelelezi wa mama ulikuwa mwepesi. Hakuuliza nani kaegemea. Aliita tu, "Geukeni," tukageuka wote, na mwenye mgongo mweupe akajulikana. "Wewe wali utaunusa," alisema, akaendelea na kazi zake. Na wali wenyewe tuliuona Krismasi na Pasaka, siku nyingine zote ni ugali wa ulezi na maharage, au dagaa wakibahatika kufika. Wajukuu zangu nikiwasimulia kwamba ukuta ulikuwa unatusemelea, wanacheka, wanasema bibi unatupiga kamba.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande wa mashamba. Ng'ambo ya ua wa minyaa, hatua chache tu kutoka ukutani kwetu, zilianza nyumba za serikali. Ya kwanza walikaa kina Atupele, watu wa Mbeya. Baba yake alikuwa Bwana Shamba, na hivyo ndivyo mji mzima ulivyomwita. Atupele tulikaa naye dawati moja, tukilima pamoja shamba la shule, na nilimwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nilimwonea wivu kwa viatu, kwa mafuta ya nywele yaliyonukia, kwa sabuni ambayo kwao haikuadimika hata duka la ushirika lilipokuwa na rafu tupu. Zaidi ya yote, kwa umeme. Jua likizama, jenereta ya mji ilianza kunguruma, dirisha lao likawaka, na sisi tukabaki na koroboi inayotia masizi puani.

Mwaka ninaousimulia, mjomba wa Atupele aliyefanya kazi kwenye migodi ya Zambia alikuja kupitia mpaka wa Tunduma na zawadi yao: waya mrefu wenye taa za rangi, kila taa kubwa kama yai la njiwa. Atupele aliniita uani anionyeshe. Nyekundu, kijani, buluu, njano.

"Tutazitundika nje," alisema. "Watu wote wataona."

"Hata sisi tutakuwa na taa," nilimjibu. Sikujua zitatoka wapi.

Nikaanza kazi. Nilikusanya mikebe ya maziwa ya unga, nikaitoboa kwa msumari, nyota na misalaba. Ndani nilibandika karatasi za peremende ili mwanga utoke na rangi. Mishumaa nilimwomba katekista, akanipa vipande vilivyobaki altareni. Kilichonishinda ni mahali pa kutundika. Nilipouangalia tu ukuta, msumari mkononi, mama alisema kutoka jikoni, bila kugeuka, "Yustina, ukigonga huo msumari, udongo utabanduka kama ganda la yai. Na wewe utabanduka nao." Nikaangalia juu, kwenye nyasi za paa. Hapo akadakia baba: "Mshumaa chini ya nyasi? Mwanangu, unataka tule wali juu ya majivu?"

Ndipo baba akanikatia miti miwili ya mkaratusi yenye panda juu. Tuliichimbia hatua moja mbele ya ukuta, tukaishindilia mawe miguuni, tukapitisha kamba ya katani kutoka panda hadi panda. Mikebe ningeitundika hapo, mbali na nyasi, na ukuta usingeguswa na kitu ila mwanga. Nililala nikiwa na furaha ya kisasi. Kitu kimoja tu nilikitaka duniani: Atupele atoke nje jioni ya mkesha, aangalie kwetu, anyamaze.

Upande wa pili Bwana Shamba naye alikuwa na shida yake. Ile nyumba ilikuwa ya serikali, imepakwa chokaa na serikali, na siku ya uhamisho mkaguzi angepita kuhesabu matundu. Msumari haukuruhusiwa. Ndugu zangu, mnajua alifanya nini mtu yule aliyesoma? Alifanya kama tulivyofanya sote darasani kubandika picha: alipika ugali laini, akaupaka kwenye vitambaa, akabandika ule waya ukutani kipande kwa kipande. Asubuhi ya mkesha nilichungulia kwenye minyaa. Taa zilikuwa zimepangwa vizuri chini ya paa, na kuku wetu walikuwa chini yake wakidonoa matone ya ugali. Mama Atupele aliwafukuza kwa ufagio, "Shh! Rudini kwenu," nao wakarudi zaidi.

Mchana ikaja mvua ya upepo, ile ya Ufipa inayopiga ubavuni, ikitokea upande wetu na kuupiga ukuta wao. Vitambaa vikalowa, vikaanza kuteleza ukutani kimoja kimoja, vikiacha michirizi ya uji. Hadi mvua inakatika, waya wote ulikuwa umelala kwenye matope na kuku wameupanda. Atupele alikuwa barazani analia. Siwezi kuwaambia kwamba nilisikitika.

Jua lilipoinama, Bwana Shamba alikuja kwetu, kofia mkononi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mama." Akamgeukia mama yangu. "Habari za hapa, Mama Yustina?"

"Nzuri, Bwana Shamba. Poleni na mvua."

"Tumeshapoa." Aliitazama miti yangu. "Mtoto analia, mama. Na hii nyumba si yangu, nikigonga msumari ni kesi. Nimeona hapa mmechimbia miti."

Nilimtazama mama. Nilimwomba kwa macho jinsi mtoto anavyoweza kuomba. Mama aliitazama miti, akamtazama mgeni.

"Ichukueni," alisema. "Ichimbieni hapo kwenye minyaa, upande wenu. Waya utafika?"

"Utafika."

"Mama, na mikebe yangu?" nilisema.

"Mikebe yako ni lazima itundikwe? Iweke chini, kwenye mawe."

Nikaona miti yangu inang'olewa, kamba yangu inafunguliwa, na Atupele amefuta machozi anashika ncha ya kamba kama ni yake. Walifuta waya, wakaukausha taa moja moja kwa kanga, wakaufunga kwenye kamba kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mimi niliipanga mikebe yangu chini, mbele ya mkanda mweusi, huku midomo imenivimba kwa hasira.

Jenereta ikanguruma. Taa zikawaka pale kwenye minyaa, na nikainua kichwa.

Rangi zote zilikuwa kwetu. Ukuta wa mama, mweupe kama maziwa, ulizipokea nyekundu na kijani na buluu, ukazitandaza kutoka kona hadi kona. Chini yake mikebe yangu ilirusha nyota na misalaba. Watu waliokuwa wakielekea kanisani walikatisha njia, wakaingia uani kwetu, wakasimama. Upande wa kina Atupele, nyumba ilikuwa mbali na minyaa, na kilichoonekana ni kamba na migongo ya taa. Ikabidi wao wenyewe wazunguke minyaa, waje kusimama kwetu ili waone taa zao.

"Bwana Shamba," baba alisema, "hizi taa ni za kibepari au za ujamaa?"

"Za ujamaa, mzee. Umeme wangu, ukuta wako."

"Basi wivu umekwisha hapa mtaani," baba alisema, watu wakacheka. Haukuwa umekwisha. Atupele alikuwa amesogea hadi ukutani, katika gauni lake jipya la buluu. Aligeuka, akaegemeza mgongo wote, mabega na kichwa, akafumba macho. Nilisubiri mama aite, "Geukeni." Mama alimwangalia, akatabasamu tu. Mgeni haambiwi kitu. Umbo la mgongo wa Atupele lilibaki ukutani hadi mwaka uliofuata, na kila nilipopita nililiona.

Siku hizi nina nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, imepakwa rangi ya mafuta. Krismasi iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka mjini na taa zinazowaka zenyewe kwa jua. Nikamwambia asinitobolee ukuta. "Poa, bibi, usiwaze," alisema, akatoa vijikulabu vya plastiki vya kunata, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyekwenda bondeni, hakuna aliyechimba, hakuna jirani aliyekuja na kofia mkononi. Akazipiga picha kwa simu, akaingia ndani kuziangalia kwenye simu.

Jioni hiyo Atupele alinipigia kutoka Mbeya, kama afanyavyo kila sikukuu. Tukaukumbuka ukuta.

"Unajua lile gauni nilimkatalia mama asilifue?" alisema. "Nilitaka ule udongo ubaki. Nyie mlikuwa na ukuta wenu, Yustina. Sisi tulikuwa na wa mkaguzi. Wenu ulikuwa wa baridi, na ulinukia mvua."

Nikamwambia kweli, ulinukia mvua. Lakini nilikuwa namwitikia tu. Mama alishatangulia, na nyumba ile ilianguka zamani, tukalima mahindi pale. Katika watu wote waliobaki, ni Atupele peke yake anayejua ukuta wa mama ulikuwaje mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu, sikuwahi kuuegemea. Nikaona ule wivu wa zamani umerudi, mzima kabisa.

Nikatoka nje. Taa za mjukuu zilikuwa zikiwaka na kuzima. Nikaegemea ukuta wangu, mabega na kichwa, nikakaa hivyo kidogo. Kisha nikavua sweta, nikalishika chini ya taa, nikaligeuza upande wa mgongo. Lilikuwa safi.