Mikono Iliyoshikwa

Lugha ya ishara sikuisomea popote. Nilifundishwa na jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, mama kiziwi aliyeshona nguo barazani, nami nikirudia kila ishara mbele ya kioo mpaka vidole vikaniuma. Nilijua alikimbia vita kutoka mtaa wa Kamenge na kwamba huko alimpoteza mtoto. Alivyompoteza, hakuwahi kumweleza mtu.

Vita vikiendelea, niliitwa kuwafundisha wanafunzi wa ushauri nasaha namna ya kufanya kazi na mkalimani. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa risasi. Kanuni niliziandika daftarini, nikazifuta, nikaziandika tena: mtazame kiziwi, si mkalimani, sema naye moja kwa moja.

Nilimwomba jirani aje darasani tujizoeze naye, aeleze jambo lolote, hata habari za vitambaa. Akachagua siku ile ya Kamenge. Mimi nikawa sauti yake: "Nilikuwa naanua nguo. Sikusikia kitu. Niliona tu watu wanakimbia. Mwanangu alikuwa nyuma yangu. Nikageuka..."

Hapo mwanafunzi aliyekaa mbele yake, machozi yakimtoka, akamshika mikono yote miwili, kama tunavyomshika mfiwa yeyote, asiiachie.

"Mwachie!" nikasema. "Umemfunga kinywa!"

"Mi namupa pole, dada. Ni kosa?"

"Eh, polisi ya mikono!" mwenzake akadakia kutoka nyuma. "Chunga, nawe atakufunga!"

Darasa likacheka. Badala ya kumtafsiria mama maneno hayo, nilikwenda ubaoni kuandika kanuni mpya: usimshike kiziwi mikono anaposema. Nikaieleza kwa mifano. Nakiri, nilifurahi kupata kosa ambalo daftari langu halikuwa nalo.

Nilipomtazama tena, mikono yake ilikuwa imeachiwa, imelala mapajani. Alikuwa ametuona tukicheka katikati ya habari za mwanawe, na hakuna aliyemwambia tunacheka nini. Nikamweleza haraka haraka, nikamwomba radhi, nikamsihi aendelee. Akatikisa kichwa. Akajifunga kitenge chake vizuri, akampa yule mwanafunzi mkono wa kwaheri, akatoka.

Barazani aliendelea kunisalimu na kunisahihisha ishara. Mara mbili nilimuuliza kuhusu siku ile ya Kamenge. Mara zote mbili akanionyesha cherehani, ana kazi. Mara ya tatu sikuthubutu. Pale mtaani nilikuwa mtu pekee aliyeweza kumwelewa, na alipoamua kusema, nilikuwa nimempa mgongo, naandika ubaoni.