Jani la Isale Kutoka Midrand

Kwanza nilisikia zipu. Ilifunguka kidogo, ikatulia, ikaendelea, kama inafunguliwa na mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Ndani ya hema kulikuwa bado giza. Nilinyoosha mkono upande wa mama nikagusa blanketi lililokwisha kupoa. Nikabaki nimelala, nikisikiliza miguu yake juu ya changarawe, nikijiuliza kama ndiyo anaondoka.

Maana mama alikuwa ametangaza kwamba anarudi kwao Kilimanjaro, na baba alimjibu kwa kuazima hema na pikapu.

Baba alikimbilia Tanzania akiwa kijana, akamwoa mama huko, nikazaliwa huko. Nchi yake ilipopata uhuru alituambia tunarudi nyumbani, mama na mimi ambao hatukuwahi kuikanyaga Johannesburg. Tulipanga ghorofani, Joubert Park. Kila Jumapili tulikwenda kwa mama yake baba na ndugu zake, na kila Jumapili ndugu zake walimsema mama kwa Kitswana, mbele yake, wakacheka. Baba, aliyeelewa kila neno, alicheka nao. Mama naye alitabasamu kwa adabu, akidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Ilimchukua muda kujua. Alipojua hakugomba. Alianza kukunja nguo zake.

Nilipotoka hemani nilimkuta ameketi juu ya jiwe, khanga mabegani, akiangalia vilima vya rangi ya kahawia vikijitokeza kwenye mwanga. Baba alikuwa anapuliza moto wa chai.

"Mzee," mama akamwita, "volkano uliyotuahidi iko wapi?"

"Umo ndani yake. Vilima vyote hivi vinavyotuzunguka ni mdomo wake. Mlima wenyewe ulilika, ukaisha."

"Ukaisha?"

"Ni wa zamani sana, mama. Umechoka."

"Wa kwetu haujachoka. Una theluji mpaka leo."

"Eish, na wewe!" Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wao, kana kwamba kicheko changu kingeweza kuwafunga pamoja.

Baada ya chai tulikwenda kwenye magofu. Yalikuwa kuta za mawe zilizopangwa bila udongo, duara ndani ya duara, zinanifika kiunoni, nyasi zimeota katikati. Waliozijenga walikuwa watu wa baba, zamani, kabla ya kufukuzwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Alisimuliwa tu na babu yake. Hata hivyo alitutembeza kama mwenye nyumba. Hapa walilala ng'ombe. Hapa palikuwa jikoni.

"Umejuaje?" mama akauliza.

"Nahisi."

"Jiko halihisiwi," alisema, akainama, akaanza kupangua nyasi. Akapata jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa miaka ya mikono. Akaweka kiganja chake ndani ya lile shimo na kukiacha hapo. Sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani mkono ule usiondoke.

Baba naye aliona. Alikwenda mbio mpaka kwenye gari, akafungua boksi la barafu, akarudi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo. Lilikuwa limekaa kati ya nyama na maziwa, kingo zimeungua kwa baridi. Lilikuwa jani la isale. Kwa Wachaga, anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na huwezi kulikataa. Baba alikuwa amejifunza hayo ukweni.

"Umelitoa wapi huku?" mama alinong'ona.

"Kazini, Midrand. Kwenye chungu cha maua, pale mapokezi."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Baba hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi.

"Walipokucheka nilicheka nao," alisema. "Nilikuwa nataka sana wanipokee."

Mama alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe."

Njia nzima ya kurudi baba alipiga mluzi. Kila roboti, taa za barabarani, ilipotusimamisha alimgeukia mama, na mama alimtazama kwa upole. Mimi nyuma, kati ya sufuria na hema, nilishapanga maisha yetu yote.

Kesho yake mama alishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Lakini ulipokea isale," baba akasema.

"Nilipokea. Nimesamehe kweli, sina kinyongo. Ila nikibaki, Jumapili nitakwenda tena kukaa pale."

"Basi hatutakwenda."

"Ni mama yako. Utakwenda."

Baba akakaa kitandani. Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alionekana kama amewekwa na mtu mwingine. "Kuna jani gani la kumwomba mtu abaki?"

Mama alifikiri, nadhani alifikiri kweli. "Hatuna," alisema.

Mimi nilibakizwa kwa sababu ya shule. Alinifunga vizuri kola ya sare, ingawa ilikuwa imefungwa, akanibusu utosini. Baba akanyanyua sanduku. Kituo cha mabasi kilikuwa karibu tu.

"Usinisindikize," mama akamwambia. "Ukinisindikiza nitarudi nawe."

Akalichukua sanduku mkononi mwake. Baba aliachia vidole kimoja kimoja. Nikatafuta neno la kusema, kwa Kiswahili, kwa Kitswana, kwa Kiingereza cha shuleni, na mama akatoka, akaufunga mlango taratibu, kama alivyoufunga siku zote tukiwa tumelala.