Bahasha ya Mama Espe: niliambiwa nisiguse igikumu, nikadhani ni saini

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chumvi yote niliiacha Kibirizi kwenye dagaa.

Mimi ni kijana wa Ujiji. Nakusanya barua zilizosainiwa na wanasiasa wa zamani, pamoja na bahasha zake zenye mhuri wa posta. Hakuna aliyenifundisha, nimejisomea tu.

Nina ugonjwa mmoja. Karatasi ikiwa na doa, silali. Na barua isiyo na bahasha yake siiweki kwenye albamu kabisa. Najua si kawaida, msinicheke.

Sasa, kipindi kile wakimbizi wa Burundi wanarudi kwao, nikasikia kuna muuza dagaa kwenye ufukwe wa Kibirizi, Mama Espe, ana barua ya mwanasiasa wao mmoja mkubwa wa enzi za kudai uhuru. Jina la huyo mkubwa naliacha, mtaona kwa nini.

Nilimkuta anafunga mizigo. Boti ya kwenda Kagunga, kule mpakani, ilikuwa inapakia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe wa makaratasi? Mbona mwembamba hivyo, unakula stempu?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Mimi jasho tu.

Akaniambia hauzi. Anaogopa kuvuka mpaka na barua ile, maana jina la yule mtu bado linagombanisha watu. "Uchukue wewe, au niichome hapa hapa."

Akatoa vyote viwili, barua na bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni. "Angalia vizuri. Lakini igikumu usikiguse."

Kiha changu ni cha kuokoteza, ila hilo nalijua. Igikumu ni kidole gumba, na wazee wakisema mtu ametia igikumu, maana yake amesaini. Kirundi nacho ni hivyo hivyo. Basi nikaishika barua kwa ncha za vidole, mbali na saini. Saini ilikuwa safi, nilitaka kulia.

Nikageukia bahasha. Jina la baba yake Mama Espe, mhuri wa posta unaosomeka vizuri, halafu pembeni doa la zambarau. Doa baya! Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, nikatoa kifutio.

"Oya! Oya, we mwana!"

Alinikamata kifundo cha mkono, vidole vyake vimejaa magamba ya dagaa.

Wakuu, lile doa ndilo lilikuwa igikumu. Baba yake alimlaza yule mwanasiasa nyumbani kwao alipopita kuomba kura, ndipo akaandikiwa barua ya shukrani. Mzee hakujua kusoma. Karani aliyemkabidhi barua alimtia wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza pale pale kwenye bahasha, ndiyo saini yake ya kupokea.

"Picha yake hatuna," akasema. "Kaburi lake silijui. Kilichobaki ni hicho kidole."

Niliomba radhi. Niliapa nitaitunza kama yai.

Akacheka kidogo. "Barua chukua, mwanangu. Bahasha nikikuachia, ipo siku utamwosha baba yangu."

Akaifunga bahasha kwenye kitenge, akapanda boti. Bahasha ina jina la baba yake tu, haiwezi kumletea shida mpakani.

Barua ninayo. Ni ya kwanza kwenye albamu yangu kukaa bila bahasha, na nafasi ya pembeni sijaijaza.

Nilichojifunza: ukiambiwa usiguse, uliza kwanza usiguse nini.

Ila kuna jambo linanitesa. Kifutio kile bado ninacho, na kwenye kona kina rangi ya zambarau kidogo sana. Sikumbuki kama ilikuwepo kabla.

Wenye uzoefu na wino wa zamani, mguso mmoja tu unaweza kuacha rangi? Nijibuni, hata kama jibu ni baya.